Maafisa Wawili wa Ijumbi

Jumatano, 4 Oktoba

Leo nimepandishwa cheo. Nilistaafu nikiwa bwana mifugo, mtu wa sindano za ng'ombe na dawa ya kupe, na kabla jua halijazama nimekuwa kapteni wa jeshi. Mwalimu Evelyne wa sekondari amekuja na daftari lake. Ametunga mchezo wa kuigiza. Maafisa wawili wako ndani ya handaki kando ya mto Kagera, mwaka ule wa vita, saa chache kabla ya kuvuka kushambulia. Meja anataka wavuke alfajiri. Kapteni anasema tusubiri, daraja limetegwa mabomu. Wanabishana mpaka kunakucha. Mchezo utaonyeshwa Bukoba, Jumamosi ya kwanza ya Desemba.

"Mbona mimi?" nikamuuliza. "Wakati wa vita yenyewe nilikuwa darasa la tano. Silaha yangu ilikuwa manati."

"Mzee Ndyamukama, Kapteni anaongea sana. Nimezunguka Ijumbi nzima sijapata anayekushinda."

"Haya. Na Meja ni nani?"

Akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. "Mzee Avit."

Niandike hapa, maana daftari halina masikio. Avit ni jirani yangu, migomba yake inainamia yangu. Hatujasemezana miaka sita. Siku tulipomzika mke wangu Joviana, Avit alilima. Kwetu kilio kikipigwa majembe yanalala, hata mwenye njaa halimi mpaka marehemu awe chini. Yeye alilima kutwa nzima, kando ya njia, watu wakipita na jeneza. Hakuna aliyemuuliza. Mtu wa namna hiyo haulizwi, anaachwa.

Nikamwambia Evelyne haiwezekani. Akasema, "Ndiyo sababu nawataka nyinyi. Chuki ya kuigiza watu wa Bukoba wataijua."

Nimekubali. Nijidanganye nini? Tangu Jumapili sijaongea na mtu ila redio, na redio haiulizi nimelalaje.

Jumamosi, 7 Oktoba

Zoezi la kwanza, ndani ya ghala la zamani la kahawa. Tumekaa pande mbili za meza ya magunia. Avit amezeeka. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba tulibatizwa mwaka mmoja.

Alisoma maneno yake kama anayetafuna mchanga. Mimi nilisoma kama askofu. Evelyne akasema, "Kapteni, punguza. Handakini hakuna kwaya."

Jumapili, 8 Oktoba

Mwanangu Alistidia kapiga simu kutoka Mwanza. Njoo ukae na wajukuu, baba. Nimesema nitafikiria, kama ninavyosema kila Jumapili.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua. Zoezi halikufanyika. Nimemsomea paka sehemu yangu yote. Akatoka nje kwenye mvua.

Jumatano, 18 Oktoba

Amekuja Shamsia, fundi cherehani kutoka Bukoba mjini, kutupima sare. Ana ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alizungusha futi kiunoni mwangu, akasimama, akaomba kalamu, akazungusha tena.

"Mzee wangu, hii ni vita gani? Wenzako wanakufa njaa handakini, wewe una tumbo la mkuu wa majeshi."

"Ni risasi nimezimeza, mama."

"Basi usicheke, zitalipuka."

Watu wote wakacheka. Avit alikuwa amegeukia ukuta, lakini mabega yalimtikisika. Niliyaona. Tulipokuwa vijana alikuwa akicheka hivyohivyo kanisani, padri asimwone.

Jumamosi, 21 Oktoba

Jambo la kuchekesha. Avit ameshika maneno yote isipokuwa mahali pamoja. Kapteni anasema, "Tusubiri, Afande, walau mpaka kesho." Meja anatakiwa kumjibu, "Kila aliyesema kesho, Kapteni, amezika mtu." Hapo Avit anakwama. Mdomo unafunguka, hakitoki kitu. Mara nne leo.

Mimi nina "tusubiri" saba katika mchezo mzima. Sijakosea hata moja. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 25 Oktoba

Amekwama tena palepale. Evelyne akamwandikia kwenye kipande cha boksi, akakibandika kwenye gunia mbele yake. Akakitazama tu.

Nikasema kwa sauti, nikimwambia Evelyne, "Mwalimu, mkumbushe Meja kwamba adui anatusubiri."

Avit naye, macho kwa Evelyne: "Mwambie Kapteni aondoe kiatu chake juu ya mguu wangu."

Nilikuwa nimemkanyaga kweli. Nikauondoa.

Jumapili, 29 Oktoba

Hakuna jipya.

Jumatano, 1 Novemba

Leo tumesemezana. Niandike vizuri jinsi ilivyokuwa.

Zoezi limekwisha, tumesimama mlangoni mwa ghala, wingu jeusi linatoka ziwani. Njia yetu ni moja, na kwa miaka sita mmoja wetu hujifanya amesahau kitu ili mwenzake atangulie. Leo wote wawili tulikuwa tumeshasahau kila cha kusahau. Mara akasema, akiangalia mbele:

"Kapteni, mvua inakuja."

Hakusema Ndyamukama. Alisema Kapteni. Na mimi, mdomo wangu huu usiokuwa na adabu, ukajibu wenyewe: "Ndiyo, Afande."

Tukatembea mpaka njia panda, yeye mbele, mimi hatua kumi nyuma. Hakuna neno lingine. Lakini usiku nilijikuta nikitengeneza sentensi za kumwambia Jumamosi, zote zinaanza na Afande.

Jumamosi, 4 Novemba

Tumeongea tena kijeshi. "Afande, migomba yako ya nyuma imeangushwa na upepo." "Nimepokea taarifa, Kapteni." Evelyne anatutazama kama mtu aliyewasha moto wa kuchoma takataka akaona unaelekea jikoni.

Jumatano, 8 Novemba

Senene wameanguka. Tangu alfajiri majani yote ni ya kijani yenye miguu, na watu wako nje na ndoo. Nimeokota kilo moja hivi. Kuokota si kazi. Kazi ni kuwachambua, mabawa na miguu, kimoja kimoja, na hiyo ni kazi ya watu wengi na maneno mengi. Joviana alikuwa anachambua huku akinisimulia nani kaolewa, nani karudishwa kwao. Leo nimechambua nikisikiliza taarifa ya bei za mbolea.

Jumamosi, 11 Novemba

Leo nitaandika yote.

Avit alikwama tena. Evelyne, ambaye huwa hapandishi sauti, alipandisha: "Mzee Avit, wiki tatu zimebaki! Sentensi moja! Ina nini sentensi hii?" Avit akaweka kofia yake juu ya gunia. Evelyne akaona wingu, akapanda bodaboda na wasaidizi wake, wakakimbia. Mimi nilibaki kwa sababu ya goti langu, Avit kwa sababu ya aibu yake. Mvua ikatufungia.

Asiyewahi kukaa chini ya mabati ya ghala lile mvua ya Novemba ikinyesha hajui kelele ni nini. Mtu akikusemesha sikioni unaona midomo tu. Tulikaa hivyo kama robo saa. Kisha nikaona midomo ya Avit inachezacheza.

"Nini?" nikapiga kelele.

"Nimesema alikuja kwangu!"

"Nani?"

"Joviana!"

Sijui kama nilisimama au nilikuwa nimesimama tayari. Alinijia karibu, akaweka mikono mdomoni kama mtu anayeita mtu wa ng'ambo ya bonde. Hivyo ndivyo nilivyosikia, kwa kelele, kama tangazo la mnada, jambo ambalo ameliweka moyoni miaka sita.

"Alinikuta nafunga mikungu kwenye pikipiki! Wewe ulikuwa Biharamulo! Akasema kifua kinambana, nimpeleke hospitali Muleba! Nikamwambia kesho, mama, leo nina mzigo! Kesho asubuhi na mapema!"

"Kisha?"

"Kisha kesho nikasikia kilio!"

Maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango. Avit akafuta uso kwa kofia ya Meja.

"Na jembe?" nikapiga kelele. "Jembe lilikuwa la nini?"

"Nilishindwa kuja kwako! Ningekaa vipi pale nikuambie pole? Mngeniuliza mara ya mwisho nilimwona lini! Nikaona nichukue jembe! Anayelima siku ya msiba haulizwi! Anaachwa! Nikasema afadhali mniache!"

Mawe, mama yangu! Miaka sita nimemchukia mtu kwa jembe, kumbe jembe lilikuwa pazia.

Hapa ningepaswa kufunga daftari. Lakini kuna lililobaki, na kama siliandiki leo sitaliandika.

Nami nina langu. Joviana alinipigia simu nikiwa Biharamulo kwenye chanjo ya ng'ombe, jioni ya siku iliyotangulia ile aliyokwenda kwa Avit. Alisema kifua kinambana. Nikamwambia, "Subiri Ijumaa nirudi, twende wote." Zilikuwa zimebaki ng'ombe mia mbili na kitu. Nikamwambia subiri. Simu ile hakuna mtu anayeijua, si watoto, si padri.

Pale ghalani nilifungua mdomo nimwambie. Naapa niliufungua. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kupiga kelele. Na mvua ikakatika. Ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Kukawa kimya mpaka tukasikia matone kwenye ndoo. Kwa kelele ningeweza. Kwa sauti ya kawaida, mtu akinitazama, nilishindwa.

Nikasema, "Tumeshachelewa, Afande. Twende."

Jumapili, 12 Novemba

Kumbe Joviana hakunisubiri. Nilimwambia akae, akavaa viatu akaenda kutafuta msaada mwenyewe. Nilijivunia hilo, kisha likaniuma hapo hapo.

Jumatano, 15 Novemba

Avit amesema sentensi yake bila kukwama. Leo nimekwama mimi. "Tusubiri" ya tatu. Evelyne kashika kichwa.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimefungua mlango asubuhi nikamkuta Avit amesimama na bakuli limefunikwa jani la mgomba. Senene, wameshachambuliwa na kukaangwa, wana chumvi ya kiasi.

"Waitu," akasema, kama mtu anayemwamkia mkubwa wake. Sisi ni rika moja. Hajawahi kuniita hivyo maishani. "Nimeona wewe huna mtu wa kukukaangia."

Nilipokea kwa mikono miwili. Nimekula peke yangu, wote, mpaka bakuli likang'aa. Walikuwa watamu.

Jumamosi, 18 Novemba

Evelyne anataka kulia. "Mmefanya nini maafisa wangu? Meja anamwamuru Kapteni kama anaomba chumvi! Mzee Avit, mtishe! Mkunje shati!"

Avit alinikunja kola kama anayemvalisha mtoto siku ya komunyo.

Yeye ananinyenyekea, na mimi nimekaa kwenye kiti cha mtu aliyekosewa kama mfalme. Anasafisha mfereji wangu bila kuniambia. Ananitangulia kusalimia. Nami naitikia, naitikia, naitikia.

Jumatano, 22 Novemba

Senene tena. Nimekula.

Jumapili, 26 Novemba

Alistidia: "Baba, sauti yako nzuri siku hizi. Una wageni?" Nikasema nina Meja. Akacheka. Akaniuliza huyo si yule wa jembe. Nikasema mtandao haushiki vizuri.

Jumatano, 29 Novemba

Zoezi la mwisho. Baya kupita yote. Evelyne alikusanya karatasi zake. Shamsia alileta sare. Yangu inafunga vifungo vyote, ila nikibana tumbo, na yeye akasema: "Vuta pumzi, mzee, na usiitoe mpaka mrudi Muleba."

Jumamosi, 2 Desemba

Nimerudi sasa hivi. Viatu viko mlangoni na matope yao.

Ukumbi ulijaa. Watu wa parokia, watu wa mjini, vikongwe waliovaa kitenge kipya, na mstari wa mbele wazee watano ambao walivuka mto ule kwelikweli. Nilipowaona wale, nikataka kurudi darasa la tano.

Mwanzo tulikwenda kwa kusuasua. Kisha ikafika ile sehemu. Nikasema, "Tusubiri, Afande, walau mpaka kesho." Nikamtazama Avit na nadhani uso wangu ulisema kitu, maana macho yake yalibadilika. Akanikunja shati. Kifungo cha Shamsia kikaruka mpaka mstari wa pili. Akasema polepole, karibu na pua yangu:

"Kila aliyesema kesho, Kapteni, amezika mtu."

Ukumbi haukukohoa. Na mimi nikasahau kila kitu. Nilisimama pale nikijua kwamba neno hili anajitupia mwenyewe, na aliyepaswa kutupiwa ni huyu aliyemkunja shati. Sijui ni muda gani. Wanasema ndiyo sehemu iliyowatoa watu machozi. Mzee mmoja wa wale watano alikuja baadaye akanishika mkono: "Kapteni, pale uliponyamaza, ndivyo ilivyokuwa." Nikamshukuru. Nilikuwa nimesahau maneno tu, waitu.

Evelyne alibaki Bukoba na Shamsia kwa ajili ya sare. Mimi na Avit tulipanda basi la Biharamulo, tushukie Muleba. Yeye alikuwa na furaha ya mtoto. Alinisimulia mchezo mzima kana kwamba sikuwamo. Tulipofika stendi ya Muleba giza lilikuwa linaingia na kondakta akapiga kelele, "Biharamulo! Wa Biharamulo wasishuke!" Nikashuka. Basi likaondoka kwenda kule nilikokuwa siku ile. Nikaona kama sisemi sasa, nitakula senene wa mtu huyu mpaka nife.

"Avit," nikasema. Siyo Afande. "Alinipigia simu kwanza."

"Nani?"

"Joviana. Kabla hajaja kwako. Aliniambia kifua. Nikamwambia asubiri mpaka Ijumaa."

Muuza mahindi alipita katikati yetu. Avit alimngoja apite.

"Kwa hiyo alipokuja kwangu alikuwa ameshanyimwa."

"Ndiyo."

"Na siku ile ghalani, nilipopiga kelele vile, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akanitazama muda mrefu, tumbo hili, kola iliyokosa kifungo.

"Na senene wangu ulikula."

"Nilikula."

Akaita bodaboda. Ilikuwa na nafasi ya abiria wawili, watu hukaa hivyo siku zote. Alikaa peke yake, katikati ya kiti. Nikaja na nyingine.

Jumapili, 3 Desemba

Hakuja kanisani.

Jumatatu, 4 Desemba

Mvua.

Jumatano, 6 Desemba

Jumatano bila zoezi. Nilikwenda mpaka ghalani saa tisa, kama ng'ombe anayejua njia ya josho. Limefungwa.

Nilipita kwake. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa akinoa kisu kizingitini. "Habari za leo," nikasema. Akaendelea kunoa. Sikusimama.

Ijumaa, 8 Desemba

Zamani, tulipokuwa hatusemezani, nilikuwa na haki yangu. Mtu mwenye haki yake hana upweke sana, anakaa nayo jioni, wanapiga soga. Sasa hata hiyo sina.

Jumapili, 10 Desemba

Nimemwambia Alistidia nitakuja Mwanza baada ya Krismasi. Akanitaka nirudie, akidhani hakusikia vizuri. Kisha nikamwambia na ile ya simu. Yote. Alilia, nikamsikiliza analia, na sikumwambia anyamaze. Mwishoni akasema, "Baba, umekula?" Nikasema bado.

Jumanne, 12 Desemba

Asubuhi kuna mtu amebisha hodi. Avit, amevaa koti lake la kanisani, mkeka umekunjwa kwapani. Nikamwekea kiti. Akakisogeza kando, akatandika mkeka chini, ukutani, akakaa.

"Kaa kwenye kiti, Avit. Sakafu ina baridi."

"Msibani watu hawakai viti."

Akatazama miguu yake, akasema kama anavyosema mtu anapoingia nyumba yenye kilio: "Pole, Ndyamukama. Pole na msiba."

Nami nikaitikia kama mfiwa. "Tumeshapoa."

Nikamuuliza, "Umenisamehe?"

"Sijui. Mimi je, umenisamehe?"

"Sijui."

"Basi. Nimekuja msibani, sikuja mahakamani."

Nikaenda jikoni nichemshe chai. Akanyanyuka haraka, akaninyang'anya sufuria. "Mfiwa hapiki. Rudi ukakae." Nikarudi nikakaa, chini, kwenye mkeka wake, goti likilalamika. Nikamsikia anavunja kuni, anamenya ndizi, anatafuta chumvi mahali ambapo Joviana hakuwahi kuiweka. Sikumwelekeza. Ametafuta mpaka kaipata.

Tumekula mchana. Nilimwonyesha kaburi la Joviana, akasimama, akavua kofia, akang'oa majani mawili matatu kwa mkono. Alimwambia kitu, sikusogea kusikiliza. Jioni alikunja koti, akalitia chini ya kichwa, akajinyoosha ukutani pale pale kama wanavyolala waombolezaji.

Amelala huko sebuleni ninapoandika. Anakoroma kwa cheo chake kamili, kimeja. Kwetu jirani hukaa matangani siku zake, kisha huaga akarudi kwake. Siku hizo zina idadi, kila mtu anaijua. Lakini sijui ni ngapi kwa aliyechelewa miaka sita. Sikumuuliza. Niliogopa asije akaanza kuhesabu.